Ombi Ambalo Sikuliandika

Mama Kulwa,

Shikamoo. Nimeliandika hilo neno nikatega sikio, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Mwaka sasa tangu tukuache Ushirombo, na mdomo wangu bado haujazoea kwamba hakuna marahaba itakayokuja.

Nianze na habari, maana hukumpenda mtu anayerukia shida kabla ya kusema habari za nyumbani. Watoto ni wazima. Kulwa amerefuka mpaka anainama kwenye mlango wa jikoni, na Doto amemaliza kidato cha nne, anangoja kupangiwa shule. Duka la pembejeo lililokuwa chini ya ofisi yetu hapa Nyasubi limehamia barabara kuu, kwa hiyo ngazi hazinuki tena dawa ya pamba. Sasa wapo mafundi cherehani wawili wanaobishana mpira kutwa nzima. Yule mwalimu mkuu wa Nyahanga bado anapiga simu. Juzi alitaka majina ya wanafunzi watatu wa kwanza yatokee kwa rangi ya dhahabu kwenye ule mfumo wa matokeo tuliomtengenezea. Nikamwambia aje ofisini aandike. Akacheka, akasema, "Kumbe yule mama amekuachia ugonjwa wake." Nilicheka naye, kisha nikaenda kujifungia chooni kwa muda.

Habari ndizo hizo. Sasa jambo lenyewe.

Kile kitufe cha "Wote wametoka" nilikiweka mimi.

Ulijua. Nami nilijua kwamba unajua. Lakini hukuwahi kulisikia kutoka kinywani mwangu, ukafa hujalisikia, na ninaona aibu kiasi kwamba mstari huo mmoja umenichukua asubuhi nzima. Niruhusu nilieleze lote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nimegundua kwamba kila nikilikumbuka peke yangu ninaruka sehemu zinazoniumiza.

Nilipokuja kwako nilikuwa na cheti cha kompyuta, shati moja la kuombea kazi, na jeuri ya kutosha watu watatu. Uliniuliza jina, nikasema Shija, ukaangua kicheko. Nyumbani ulikuwa na pacha, Kulwa na Doto, na kwetu Wasukuma anayezaliwa nyuma ya pacha ndiye Shija. Ulisema umepata wa tatu bila kulazwa wodini. Tangu siku ile hukuniita mfanyakazi mbele ya mtu, na wateja wengine mpaka leo wanaamini kwamba ulinizaa.

Siku ya kwanza hukunipa kompyuta. Ulinipa daftari, lile kubwa la jalada gumu, ukaniambia nisome kurasa zote. Nilidhani ni mzaha. Mifumo tuliyokuwa tukiwatengenezea watu ilikuwa ya kisasa, halafu maombi yao ya kuibadilisha yalikuwa yameandikwa kwa kalamu ya wino, kila moja kwa mwandiko wa mwenyewe aliyeomba. Juu ya kila ukurasa kulikuwa na maswali yako manne: nani anaomba, kwa nini, kitagusa nini kingine, na nani ataumia kikiharibika. Hilo la nne ulilipigia mistari miwili.

"Mfumo ukishaanza kutumika kila mtu atataka kuugeuza kidogo," ulisema. "Akikuomba kwa mdomo, mshukuru, halafu mpe kalamu."

Nilikuona wa kizamani. Nikakwambia kwamba wenzetu huko mijini maombi ya namna hiyo wanayatuma kwa kompyuta. Ukasema vizuri, lakini wewe unataka mtu auone mwandiko wake mwenyewe. Baadaye nilielewa. Namkumbuka yule karani wa pamba aliyekuja kutoka Ibadakuli, asubuhi na mapema, akitaka tuondoe hatua ya kupima mzigo mara ya pili kwa sababu inachelewesha foleni. Alijaza swali la kwanza, la pili, la tatu, kwa kasi. Alipofika la nne akasimama. Akaweka kalamu mezani, akasema, "Ngoja kwanza nikafikiri." Ukamwagizia chai, mkaongea habari za mvua, naye akarudi kwao bila ombi. Hukumkatalia. Hukuwa na haja.

Mimi nilikuwa nimeliona hilo kwa macho yangu, Mama Kulwa. Siwezi kusema sikufundishwa.

Mfumo wa maduara, yale mashimo ya wachimbaji, ndio uliokuwa fahari yako. Kile kikundi cha wachimbaji wadogo kule Geita kilikuja chenyewe kukutafuta, na toleo la kwanza uliliandika wewe peke yako, kabla sijaja. Nilikuwa naupenda kwa sababu mtu yeyote angeuelewa. Mchimbaji akishuka, karani aliye mdomoni mwa duara anagusa namba yake kwenye kishikwambi. Akipanda, anaigusa tena. Zamu haifungwi mpaka idadi ya waliotoka ilingane na ya walioingia, na isipofungwa, simu ya msimamizi inalia na haikomi. Hakukuwa na njia ya kuukwepa, na ulifanya hivyo kwa makusudi.

Siku uliponituma kule kufundisha makarani wapya, mwenyekiti wa kikundi alinialika kwake kula. Unajua nyumba yake ilivyo na watu. Wazee watano wa makamo ya baba yangu walikuwa wamekaa uani kwenye viti vya plastiki, na mimi kijana wa kutumwa nikawekewa kiti katikati yao. Kuku akaletwa. Mwenyekiti akachukua filigisi kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka kwenye sahani yangu.

Kwetu filigisi haipewi mtu ovyo. Baba yangu aliila nyumbani kwetu miaka yote, na mimi sikuwahi hata kuionja. Wazee walinitazama. Nikaila. Ilikuwa bado haijashuka vizuri mwenyekiti aliposema kwamba ana shida ndogo tu, na mimi mwanawe nitaweza kumsaidia. Wachimbaji hawafuati utaratibu, alisema. Wengine wanapandia duara la jirani, wengine wanakimbilia kula bila kupita kwa karani, basi zamu inakaa wazi na wenzao wanaotaka kushuka wanangoja juani. Je, haiwezekani karani akapewa kitufe kimoja, akishaona wametoka wote, abonyeze, yaishe?

Hapo ndipo nilipotakiwa kumshukuru na kumpa kalamu. Niliwaza kufanya hivyo. Lakini nilifikiria kumwambia mzee aliyenipa filigisi mbele ya wenzake kwamba aende ofisini kwetu Kahama akajaze daftari kwa mwanamke, na ulimi ukawa mzito. Samahani kwa kuliandika hivyo. Nilifikiri hivyo hivyo, na kwa maneno hayo hayo.

Nikafungua laptopu magotini. Robo saa haikuisha. Sikufanya majaribio, sikuuliza mtu, nilikiweka kitufe kwenye mfumo uliokuwa ukitumika wakati huo huo watu wakiwa chini. Mwenyekiti akawaita majirani waje waone. "Wabeja, wabeja sana," akanishukuru, akinishika bega. Nami nilifurahi. Niliporudi kwa basi nilikuwa bado nafurahi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi kuliandika.

Kesho yake uliniuliza kama kuna ombi lolote nililokuja nalo. Nikasema hakuna. Ningeweza kulimaliza siku ile ile kwa dakika tano za kugombezwa. Ulikuwa unagomba, halafu baada ya muda unauliza kama mtu amekula.

Wiki ya sita mchimbaji mmoja, Maduhu, hakupanda. Udongo wa njia ya pembeni ulimwangukia mguuni. Karani aliona mmoja hajatoka, akafikiri amepandia kwa jirani kama kawaida yao, akabonyeza kitufe changu. Zamu ikafungwa, simu ya msimamizi ikakaa kimya, watu wakaenda zao. Maduhu alikaa kule mpaka zamu ya asubuhi ilipomsikia akigonga jiwe. Walimtoa hai. Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Habari ilipofika ofisini ulifungua daftari, ukapekua ukurasa mmoja mmoja. Kisha ukaniuliza, bila ukali wowote, "Shija, hiki kitufe unakijua?"

Nikasema, "Sikijui, Mama. Labda ni kitu kilichobaki kwenye toleo la kwanza."

Toleo la kwanza lilikuwa lako. Ningeweza kusema sijui nikaishia hapo. Nikaongeza hilo la pili, bila kulazimishwa na mtu.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba mfumo unatunza kumbukumbu ya kila badiliko: siku, saa, na jina la aliyelifanya. Kuliona jina langu kusingekuchukua dakika mbili. Nilijua utaangalia. Nilikaa kwenye kiti changu nikisikiliza vidole vyako kwenye kompyuta, kisha vikanyamaza. Ulivaa mtandio, ukaenda kuwachukua watoto.

Asubuhi yake nilikuta daftari liko wazi mezani kwangu, ukurasa mpya, kalamu juu yake. Ulikuwa umeandika maswali yako manne. Majibu uliyaacha wazi.

Lilikaa pale siku nne. Siku ya pili niliweka begi la laptopu juu yake nisilione. Uliingia, ukaliona begi, ukanisalimia, ukakaa. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyokupoteza, ingawa uliishi miezi mingine mitano.

Siku ya tano ulikwenda kwenye mkutano wa kikundi peke yako. Nilisema nina kazi ya mwalimu mkuu ya kumalizia. Nilisimuliwa baadaye na msimamizi jinsi ulivyosimama ukasema, "Mfumo umetoka ofisini kwangu, na kilichoharibika ni changu." Mwenyekiti alikuwa amekaa mbele yako. Aliyeomba kitufe ni yeye, aliyekiweka ni mimi, na sote wawili tulinyamaza. Wakakuondoa kwenye kazi yao, na haikuchukua wiki Kahama nzima ikawa inajua. Sokoni hapa Nyasubi nilimsikia mama mmoja muuza nyanya akimwambia mwenzake, "Mfumo wa yule mayu, yule mama wa kompyuta, ulimwacha mtu shimoni." Nilinunua nyanya, nikaondoka.

Sitasema nilikuua. Daktari alishakwambia habari ya figo kabla ya hayo yote, na ningeanza kujigamba kwa ukubwa wa dhambi yangu ungenicheka. Lakini ulikwenda kliniki miezi ile yote ukipita katikati ya maneno ya watu, na mimi nilikuwa nakusindikiza, nimekubebea mkoba, nikiitwa kijana mwema.

Msibani walinivika kitambaa cheupe pamoja na watoto wako. Mwenyekiti alipewa nafasi ya kusema machache. Akasema marehemu alikuwa binadamu, alikosea kama binadamu, nasi tumemsamehe. Watu wakatikisa vichwa. Kulwa alikuwa ameshika mkono wangu. Alinibana vidole aliposikia "tumemsamehe", nami nikambana pia, kama ndugu wanaofarijiana.

Wiki mbili zilizopita mwenyekiti alinipigia. Kikundi kinataka mfumo urudi. Alisema wananiamini mimi kwa sababu ni makini, si kama zamani. Ninaona aibu kukwambia nilijibu nini. Nilisema, "Asante sana, mzee."

Pengine ningeendelea hivyo hivyo. Jumatatu Doto akaja ofisini na daftari jipya kifuani. Anataka kusoma mambo ya kompyuta. Aliketi kwenye kiti chako, ambacho mimi sikalii, akasema, "Kaka Shija, nieleze mama alikosea wapi, ili mimi nisije nikakosea pale pale."

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mwanafunzi, kalamu mkononi, na alikuwa ameshaandika kichwa cha habari: Makosa ya Mama. Amekipigia mstari kwa rula. Mama Kulwa, niliweza kuukwepa mkutano, niliweza kumsikia muuza nyanya, niliweza hata kusimama kaburini. Kile kichwa cha habari sikukiweza.

Nikamwambia yote. Nilimwambia mpaka habari ya filigisi, mpaka habari ya begi. Alisikiliza. Sikujua kwamba ana macho yako kiasi hicho. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na nilitumaini kidogo kwamba angenionea huruma, ndivyo nilivyo. Akakata ule ukurasa, akaukunja, akauweka mfukoni.

"Nilimtetea shuleni mpaka nikachoka," akasema. "Mwisho nikaamini kwamba walikuwa wanasema kweli."

Nikamwomba amweleze Kulwa kwa niaba yangu. Akasimama. "Mama alikubebea. Mimi sikubebei."

Basi nimeanza kujibeba, na ninakupa taarifa. Kulwa nilimwambia siku ile ile. Alitoka nje, hajaongea nami mpaka leo. Alhamisi nilikwenda kwa Maduhu. Anakaa Nyahanga kwa dada yake, anatengeneza viatu barazani, gongo limeegemea ukuta nyuma yake. Nilimwambia jina langu na nilichofanya. Aliendelea kushona soli mpaka uzi ukaisha.

Kisha akasema, "Yule mama alikuja hapa mara mbili kuniomba radhi. Mara ya pili alikuwa hawezi hata kupanda hiyo ngazi, tukaongea yeye amekaa chini pale. Kumbe alikuwa anakuombea wewe."

Hukuniambia. Mara mbili, na figo zile. Maduhu hakunisamehe, wala sikumwomba. Aliniambia kwamba kama nina la kusema nikaliseme pale lilipoharibiwa jina, maana barazani kwake wanapita wateja wa viatu tu.

Kesho ndiyo misa yako ya mwaka, Ushirombo. Watakuwepo wale wale: ndugu zako, wateja, kikundi, mwenyekiti. Jana nilimpigia nikamwambia nitakachosema, na kwamba nitasema pia nani aliomba. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, mambo yamekwisha, kwa nini unataka kuyaamsha?" Nikamwambia kwamba kwa watoto wako hayajaisha. Sidhani kama ule mfumo nitapewa tena. Ninaogopa, tena sana. Nimeshafikiria visingizio vya kutokwenda vitatu, na kimoja ni kizuri kweli. Paroko ameniruhusu kusema baada ya misa, kabla watu hawajatoka, na ameniambia nisizidi dakika tano.

Sikuombi unisamehe. Ulishafanya zaidi ya hapo bila kuombwa, na mimi nilikuacha ufanye. Ninakuahidi hili tu: kesho, pale waliposema umekosea, kwa sauti ile ile ya kusikika na watu wote, nitasema hukukosea. Nitataja kitufe, siku, na jina langu kamili na la baba yangu. Baada ya kesho nitasema tena kwa yeyote atakayeuliza, hapa sokoni, kule Geita, hata nikiwa mzee, hata kama hakuna atakayenipa kazi.

Kwaheri, Mama Kulwa. Upumzike. Doto ameniletea ujumbe asubuhi hii kwamba atakaa benchi la mbele kabisa, na kwamba wakati nikisema nimtazame yeye. Nitamtazama.

Wako,
Shija